Udhibiti wa Lazima wa Ufikiaji na Miundo ya Usiri katika Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandaliwa kwa ajili ya wasimamizi wa mifumo, maafisa wa kumbukumbu na wanafunzi wa TEHAMA wa Moshi na Arusha. Wengi wao huisikia mada hii kwanza darasani kama nadharia ya kijeshi ya Marekani, kisha huikuta tena kazini siku seva inapokataa kufungua faili ambalo kila mtu anaamini kwamba limepewa ruhusa zote.

Udhibiti wa lazima ni nini, na unatofautianaje na ule wa hiari?

Katika udhibiti wa hiari, mwenye faili ndiye mwenye uamuzi. Ukiandaa orodha ya mishahara na kuihifadhi katika folda yako, ni wewe unayechagua nani aisome na nani aibadilishe, na mfumo endeshi hautakuuliza sababu. Katika udhibiti wa lazima uamuzi huo hauko mikononi mwako. Taasisi huweka sera, kila faili hupewa lebo, kila programu inayofanya kazi hupewa lebo, na mfumo endeshi hulinganisha lebo hizo mbili kabla ya kuruhusu jambo lolote, hata kama anayeomba ndiye aliyeliandika faili lenyewe.

Mtu aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali anaufahamu utaratibu huu hata kama hajawahi kugusa seva. Jalada lililogongwa muhuri wa SIRI halipitii masjala ya wazi. Hutunzwa katika masjala ya siri, hushikwa na mtumishi aliyefanyiwa upekuzi, na ofisa aliyeandika barua iliyomo hana mamlaka ya kumpa rafiki yake alisome kwa hoja kwamba maneno ni yake. Muhuri uko juu ya jalada, kibali kiko juu ya mtu, na vyote viwili hutolewa na mamlaka iliyo juu ya mwandishi. Udhibiti wa lazima ni utaratibu huohuo ukitekelezwa na mashine, tena katika kila tendo la kusoma na kuandika.

Ikiwa wafanyakazi wetu ni waaminifu, kwa nini udhibiti wa hiari usitoshe?

Kwa sababu anayesoma na kuandika ndani ya kompyuta ni programu, wala si mfanyakazi mwenyewe. Chukua mhasibu wa hospitali moja mjini Moshi ambaye ana haki ya kuona bili za wagonjwa pamoja na majina ya vipimo walivyofanyiwa. Siku moja anapakua programu ya bure ya kuunganisha kurasa za PDF. Programu hiyo inafanya kazi yake vizuri, lakini kwa pembeni inanakili bili zote na kuziweka katika folda ambayo kila aliye kwenye mtandao wa hospitali anaweza kuifungua. Mfumo wenye udhibiti wa hiari hauoni kosa lolote, kwa kuwa programu inatembea kwa jina la mhasibu, na mhasibu ana haki ya kusoma bili na ana haki ya kuandika katika folda ile. Uaminifu wake haukusaidia kitu.

Udhibiti wa lazima hauishii kuuliza nani anasoma. Unafuatilia pia taarifa ikishasomwa inaelekea wapi. Programu iliyofungua bili za siri inabeba lebo ya siri, na kwa lebo hiyo haiwezi kuandika katika folda ya wazi, iwe imetumwa na mhasibu au na mwizi. Kwa maoni yangu, msomaji akilishika hili, mengine yote katika kurasa za vitabu vya somo hili ni ufafanuzi wake.

Kuna pia sababu ya kihisabati. Mwaka 1976 Michael Harrison, Walter Ruzzo na Jeffrey Ullman walithibitisha kwamba, katika mfumo ambao watumiaji wanaweza kugawiana haki kwa kanuni za jumla, hakuna utaratibu mmoja wa kikokotozi unaoweza kuamua kila mara kama haki fulani itamfikia mtu asiyestahili. Hiyo inapita ugumu wa kazi: utaratibu wa namna hiyo hauwezi kuwapo.

Muundo wa Bell na LaPadula ulitokana na nini?

Ulitokana na tatizo la kugawana mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1960, jeshi la Marekani lilikuwa na kompyuta kubwa zilizoweza kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, lakini watu hao hawakuwa na vibali vya ngazi moja. Namna moja ya kukwepa tatizo ilikuwa kuigawa siku: kazi za siri zikimalizika, mashine inasafishwa kumbukumbu yake yote, ndipo kazi za wazi zinaingizwa. Ripoti iliyoandaliwa na James Anderson kwa Jeshi la Anga mwaka 1972 ilieleza kwamba panahitajika mlinzi mmoja ndani ya mfumo, anayepitiwa na kila ombi bila kukwepeka, asiyeweza kuchezewa, na aliye mdogo kiasi cha kuweza kukaguliwa kikamilifu. Mwaka 1973 David Elliott Bell na Leonard LaPadula, wakiwa katika shirika la utafiti la MITRE, wakaandika kwa lugha ya hisabati sheria ambazo mlinzi huyo angezisimamia.

Sheria zenyewe ni mbili. Ya kwanza inasema kwamba mtendaji, yaani programu inayofanya kazi kwa niaba ya mtu, hasomi kilicho juu ya daraja lake, yaani ngazi yake ya usiri (kwa mfano Wazi, Siri au Siri Kuu). Ya pili, ambayo waandishi waliiita sifa ya nyota, inasema kwamba mtendaji haandiki katika kitu kilicho chini ya daraja analofanyia kazi kwa wakati huo. Waliacha pia nafasi ya ruhusa za hiari, ili ndani ya mipaka ya sheria hizo mbili mwenye faili aweze kubana zaidi, ingawa hawezi kulegeza.

Sheria ya kwanza inaeleweka. Lakini kwa nini mkubwa azuiwe kuwaandikia walio chini yake?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake liko kwenye mfano wa mhasibu. Sheria ya kwanza peke yake inamzuia mtu wa chini kupanda kuchukua siri, lakini haizuii siri kuteremshwa na programu ya mtu wa juu. Ukiondoa sheria ya pili, unabaki na ukuta wenye tundu upande mmoja.

Hata hivyo, mkurugenzi hafungwi mdomo. Muundo unatofautisha daraja la juu kabisa ambalo mtu amepewa kibali nalo na daraja analofanyia kazi sasa hivi. Mkurugenzi mwenye kibali cha Siri Kuu akitaka kuandika tangazo la mkutano wa wafanyakazi wote, anaingia kwenye mfumo kwa daraja la Wazi. Katika kipindi hicho hawezi kufungua jalada lolote la siri, na kwa sababu hiyo programu anazotumia hazina cha kuteremsha. Ni usumbufu, ndiyo, na watu wenye vyeo hawaupendi.

Je, mtu wa chini anaweza kuandika juu asikoweza kusoma?

Kwa sheria za Bell na LaPadula, ndiyo. Katika utendaji mifumo mingi hukataza, au huruhusu kuongeza tu mwishoni mwa faili, kwa kuwa mtu anayeandika asichokiona anaweza kuharibu kilichokuwapo.

Madaraja peke yake yanatosha?

Hayatoshi, na ofisi yoyote inayojaribu kupanga taarifa zake kwa ngazi tu hugundua hivyo mapema. Katika hospitali ya rufaa, majibu ya vipimo vya VVU ni siri, na barua za nidhamu za watumishi ni siri vilevile, lakini hakuna sababu ya daktari wa kliniki kusoma za pili wala ya afisa utumishi kusoma za kwanza. Ndiyo maana lebo kamili ina sehemu mbili: daraja, na seti ya mafungu, yaani maeneo ya kazi kama Kliniki au Utumishi. Ili usome, daraja lako lazima lilingane na la faili au lizidi, na mafungu yako lazima yajumuishe yote yaliyoandikwa kwenye faili.

Matokeo yake huwashangaza wanafunzi. Mwenye Siri Kuu katika fungu la Utumishi hawezi kusoma faili la Siri katika fungu la Kliniki, ijapokuwa daraja lake liko juu. Na mwenye Siri katika Kliniki hawezi kusoma faili la Siri Kuu katika Utumishi. Lebo hizo mbili hazilinganishiki kabisa, hakuna iliyo juu ya mwenzake. Mwaka 1976 Dorothy Denning alionyesha kwamba mpangilio wa namna hii, ambamo lebo zozote mbili zina moja ya juu inayozijumuisha zote, unatosha kueleza mtiririko wote wa taarifa ndani ya mfumo: ukichanganya taarifa za mafungu mawili katika ripoti moja, ripoti hiyo inabeba mafungu yote mawili, na msomaji wake lazima awe nayo yote.

Siri ikitakiwa kuwekwa wazi, nani anaishusha?

Ukifuata sheria mbili bila kulegeza, hakuna. Taarifa ingepanda tu na isishuke kamwe, na baada ya miaka michache kila kitu kingekuwa Siri Kuu. Kwa hiyo muundo unaruhusu watendaji waaminiwao, yaani programu au watu wachache waliokaguliwa, ambao wanaweza kuvuka sheria ya pili kwa kazi maalumu.

Wakazi wa Arusha wana mfano wa karibu wa jinsi kazi hiyo ilivyo nzito. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015, iliendesha kesi zake jijini humo huku mashahidi wengi wakilindwa: waliitwa kwa herufi badala ya majina, na sehemu za ushahidi wao zilisikilizwa faraghani. Kumbukumbu ya kikao kimoja inaweza kuwa na kurasa za wazi na kurasa za faragha. Faili lenye vyote viwili linabeba lebo ya juu. Ili umma usome sehemu yake, mtu mwenye mamlaka lazima alipitie na kufuta kila kinachoweza kumfichua shahidi, kisha atoe nakala mpya yenye lebo ya chini. Kufuta jina ni rahisi. Kutambua kwamba kutaja kijiji, kazi na idadi ya watoto katika aya moja ni sawa na kutaja jina, hilo halifanywi na kanuni yoyote ya Bell na LaPadula. Hapo hisabati inaishia na uamuzi wa binadamu unaanza, na mkaguzi makini angeutumia muda wake mwingi hapo.

Je, mfumo unaofuata sheria hizi umethibitishwa kuwa salama?

Umethibitishwa kufuata sheria hizi, jambo ambalo ni pungufu ya usalama. Katikati ya miaka ya 1980 John McLean alieleza mfumo wa kufikirika ambao, mtu yeyote akiomba kusoma kitu, unashusha kila mtu na kila kitu hadi daraja la chini kabisa kisha unaruhusu. Kila hatua yake inatimiza sheria zote mbili, na hakuna siri inayobaki. Kinachokosekana ni masharti kuhusu nani anaweza kubadilisha lebo na wakati gani, ndiyo maana miongozo husisitiza kwamba lebo zisibadilike mfumo ukiwa kazini, au zibadilike kwa masharti yasiyovunja sera.

Njia za kificho ni zipi?

Ni njia za kupitisha taarifa kwa kutumia kitu ambacho hakikukusudiwa kubeba taarifa. Butler Lampson aliziandikia mwaka 1973. Programu ya daraja la Siri, isiyoweza kuandika chini, inaweza kujaza diski hadi pomoni au kuiacha na nafasi. Programu ya daraja la Wazi inajaribu kuhifadhi faili dogo kila sekunde: ikishindwa inaandika moja, ikifaulu inaandika sifuri. Hakuna faili lililosomwa kinyume cha sheria, na bado nenosiri limeteremka biti kwa biti. Vigezo vya Wizara ya Ulinzi ya Marekani vya mwaka 1985, maarufu kama Kitabu cha Chungwa kwa rangi ya jalada lake, vilihesabu njia yenye kasi ya zaidi ya biti 100 kwa sekunde kuwa pana. Jambo hili halijapitwa na wakati: udhaifu wa vichakataji uitwao Meltdown na Spectre, uliotangazwa Januari 2018, ulipitisha siri kwa kupima muda ambao kichakataji hutumia kufikia kumbukumbu yake ya karibu.

Muundo wa Biba ni uleule uliogeuzwa?

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Kenneth Biba, mwaka 1977, alishughulikia usahihi wa data akauacha usiri: usisome cha chini, kwa kuwa chaweza kukuchafua, na usiandike juu, kwa kuwa waweza kukichafua. Ukitumia lebo zilezile kwa Biba na kwa Bell na LaPadula pamoja, kila mtu anabaki akisoma na kuandika katika daraja lake tu.

Ukuta wa Kichina unahusiana vipi na haya?

Ni muundo wa usiri uliotoka kwenye biashara, ulioandikwa na David Brewer na Michael Nash mwaka 1989, na kwa mji wa Moshi, ambako kahawa huuzwa mnadani, ndio wenye manufaa ya haraka zaidi kuliko mingine yote. Fikiria ofisi ya washauri wa hesabu inayohudumia wanunuzi wawili wanaoshindana kwenye mnada huo, pamoja na benki moja. Mshauri mpya anaweza kufungua mafaili ya mnunuzi yeyote. Lakini akishafungua ya mnunuzi wa kwanza, ya mshindani wake yanafungwa kwake, kwa kuwa wote wako katika kundi moja la mgongano wa maslahi. Benki iko kundi jingine, kwa hiyo bado anaweza kuisoma.

Hatari iko hapo kwenye benki. Mshauri wa mnunuzi wa kwanza anaweza kuandika bei ambayo mteja wake yuko tayari kufika ndani ya faili la benki. Mshauri wa mnunuzi wa pili, naye akiwa na haki ya kusoma la benki, akaikuta. Kwa sababu hiyo kanuni ya kuandika ni kali zaidi: huruhusiwi kuandika katika faili la kampuni moja ikiwa umesoma taarifa za kampuni nyingine ambazo hazijaondolewa utambulisho. Ofisi nyingi zinazojivunia kuta za namna hii hukumbuka kanuni ya kusoma na kuisahau ya kuandika.

Je, udhibiti wa lazima upo katika mashine za kawaida?

Upo, na pengine umo katika simu yako. Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilitoa SELinux, nyongeza ya udhibiti wa lazima kwa mfumo endeshi wa Linux, kwa umma Desemba 2000, ikaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2003, na tangu Android 5.0 inatekelezwa katika mfumo mzima wa simu. Ubuntu hutumia AppArmor, ambayo huangalia njia ya faili badala ya lebo iliyobandikwa juu yake. Windows, kuanzia Vista, ina madaraja ya uadilifu ambayo kwa kawaida huzuia kuandika juu, kwa hiyo yanamkaribia Biba.

Ni haki kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya matumizi ya leo imeacha kusudi la asili. Sera ya kawaida ya SELinux haipangi nyaraka zako kwa Siri na Siri Kuu. Inafungia huduma za seva, kila moja chumba chake, ili iliyovamiwa isizidhuru nyingine. Watumiaji wa kawaida karibu haiwagusi.

Seva inakataa kusoma faili ingawa nimelipatia ruhusa zote. Nizime SELinux?

Usizime. Tuseme fundi wa SACCOS amehifadhi taarifa ya mwaka kwenye folda yake ya nyumbani, kisha akaihamishia folda ya tovuti, /var/www/html, kwa amri ya mv ili wanachama waipakue. Kivinjari kinaonyesha kwamba hairuhusiwi. Anatoa chmod 777, inayompa kila mtu ruhusa zote, hali ni ileile. Kwa hasira anaandika setenforce 0, inayoizuia SELinux isikataze chochote, faili linafunguka, na seva inaachwa hivyo kwa miaka.

Angetazama kwanza kwa ls -Z, amri inayoonyesha lebo, angeona faili lina lebo user_home_t, wakati programu ya tovuti inatembea kwa lebo httpd_t, ambayo haina ruhusa ya kusoma mali za nyumbani za watumiaji. Amri ya mv huhamisha faili pamoja na lebo yake. Angetumia cp, amri ya kunakili, nakala mpya ingepata lebo ya folda ilikowekwa. Tiba ni restorecon juu ya faili hilo, amri inayolipa lebo inayostahili mahali lilipo, na lebo inakuwa httpd_sys_content_t. Katika /var/log/audit/audit.log kuna mstari wenye maneno avc: denied unaotaja lebo zote mbili, na mstari huo peke yake ungemaliza kazi. Tena chmod 777 ile haikutatua kitu, lakini imebaki, na sasa mtumiaji yeyote wa seva anaweza kubadilisha taarifa ya mwaka. Inafaa airudishe 644, ili mwenye faili tu aandike na wengine wasome.

Sheria ya Tanzania inatulazimisha kuwa na mfumo huu?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inadai hatua za kiusalama na kuzipa taarifa nyeti, zikiwamo za afya, ulinzi wa ziada. Haitaji muundo wowote kwa jina. Uchaguzi ni wa taasisi.

Nikinakili faili kwenye flashi, lebo inakwenda nayo?

Kwa kawaida haiendi. Katika Linux lebo ya SELinux huhifadhiwa pembeni ya faili, katika sifa zake za ziada, na flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina mahali pa kuhifadhi sifa hizo. Nakala rudufu za tar, programu ya kufunga mafaili pamoja, nazo huziacha usipotumia chaguo la --selinux au --xattrs. Faili la siri likishafika kwenye flashi ni faili la kawaida ambalo kompyuta yoyote ya stendi italifungua, na ulinzi wote ulioelezwa hapo juu umebaki kwenye seva. Kwa hiyo katika sera andika mapema ni programu gani zenye daraja la siri zinazoruhusiwa kuandika kwenye vifaa vya USB, ambalo mara nyingi jibu lake ni hakuna, na nakala rudufu zinazotoka nje ya jengo zifungwe kwa usimbaji fiche ambao ufunguo wake hautunzwi pamoja nazo.